Baharia wa Marie-Perrine

Ukitaka kumjua mwanamume wa mashua ya tanga, usimsikilize akiwa mkahawani na glasi mkononi. Mtazame anapoingia gatini, yeye kakamata usukani na mkewe kasimama kule mbele, omo, na kamba mkononi. Hapo ndipo tabia zote zinapomwagika hadharani. Wenye mashua wanalijua hilo, ndiyo maana chombo kipya kikiingia bandari ya Horta, visiwani Azori, kila mtu huacha sufuria jikoni akatoka nje kutazama. Ni sinema ya bure, na wengine huja na viti.

Odile Kerbrat alikuwa ameicheza sinema hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Nchi kavu alikuwa muuguzi, mtu wa kuheshimika, madaktari wakimwita kwa jina. Mumewe Tanguy alipostaafu ualimu aliuza nyumba yao ya Brest, Ufaransa, akanunua mashua ya mita kumi na moja, akaiita Marie-Perrine, jina la mama yake mzazi. Odile hakuwahi kupatana na mama mkwe huyo. Mwanamke kafa, kazikwa, na bado Odile akawa anamfagia na kumpangusa kila siku ya Mungu.

Maisha yao yalikuwa ya visiwa. Baridi ikianza Ulaya walikuwa Kanari au Cabo Verde, joto likija wakapanda Madeira na Azori. Ukiwasikia watu wa bara wakisimulia, utadhani ni peponi. Odile aliijua pepo hiyo kwa harufu: dizeli, nguo zisizokauka, na kitunguu kilichoanza kuoza mahali asipopaona. Humo ndani Tanguy alimwita "baharia". Ulianza kama utani wiki ya kwanza, naye akamjibu "Kapteni", wakacheka. Utani ukaota mizizi. Mwaka wa kumi na mmoja ulifika na jina la Odile lilikuwa halijatoka kinywani mwa mumewe tangu Brest.

Sasa Horta wana ukuta wao. Kila chombo kinachopita pale lazima kichorwe kwenye zege la bandari, na jina lake, na mwaka, na majina ya waliomo. Anayeondoka bila kuchora anajitafutia balaa, wanasema, na watu hawa wanaocheka kanisa na misa, hilo hawalifanyii mzaha. Marie-Perrine ilikuwa imeshachorwa mara tano. Mara tano Odile alichanganya rangi na kuosha brashi, na mara tano Tanguy aliandika: Kapteni Tanguy Kerbrat na baharia wake.

Odile hakutaka makubwa. Alitaka jina lake pale. Mtu anayeishi baharini hana mlango wenye jina wala sanduku la barua, na akifa hukohuko hana hata kaburi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alitaka pawe na mahali duniani panaposema kwamba Odile alipita hapa. Mara ya tatu alijikaza akaomba, akajibiwa kwamba chombo kina nahodha mmoja.

Mwaka huo walitoka Mindelo, Cabo Verde, mwezi wa tano, safari ya siku kumi na sita, upepo ukiwapiga usoni mwanzo mwisho. Siku ya nne wimbi liliinyanyua mashua likaibwaga, na Tanguy akarushwa kutoka ngazini hadi kwenye kona ya meza. Mbavu tatu, Odile alizihesabu kwa vidole. Alimfunga shuka kifuani, akamlaza na kumwekea ubao asianguke, kisha akapanda juu kukishika chombo peke yake. Kwa siku kumi na mbili alipunguza tanga na kuliongeza, akalala dakika ishirini ishirini, akashuka kumlisha supu kwa kijiko na kumpangusa kama kitoto. Kamba zilimchuna viganja hadi akawa hawezi kufumba ngumi. Tanguy aliendelea kutoa amri akiwa kitandani, ila dhoruba ilipowafika siku ya tisa hata amri zilimwishia. Aliushika ule mkono uliochunika, akalia.

"Tukifika salama," alisema, "jina lako litakaa juu ya langu. Nakuapia kwa mama yangu."

Odile akaamini. Mtu akikuapia kwa mama yake, na huyo mama ndiye chombo mnachokaribia kuzama nacho, utaachaje kuamini?

Kilomita mbili kabla ya Horta, Tanguy alitoka kitandani. Alinyoa ndevu, akavaa kofia yake, akapanda taratibu na kuuchukua usukani bila neno. Odile akatumwa omo. Watu walikuwa wameshatoka kutazama.

"Kamba, baharia! Kamba! Umelala?"

Gati zima lilisikia. Aliyeipokea kamba ni Liesbeth, mjane wa Kiholanzi ambaye tangu mumewe afe husafiri peke yake kwenye kimashua chake. Aliona damu juu ya kamba. Akavitazama viganja vya Odile, kisha vya Tanguy, laini kama vya kasisi.

Mchana ule mkahawani mbavu zilikuwa zimevunjikia kwenye mlingoti, Tanguy akiliokoa tanga kuu. Siku kumi na mbili alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja. Na mkewe? Mkewe, masikini, alikuwa anatapika. Wanaume wakamjazia glasi, mmoja akamwambia Odile kwamba ana bahati, shemeji, wanaume wa namna hii wamebaki wachache. Odile alikuwa ameficha mikono chini ya meza. Alinyamaza kwa sababu moja tu. Uongo wa mkahawani huisha na chupa, lakini rangi ya ukutani hukaa, na ukuta ulikuwa bado haujaandikwa.

Siku ya tatu Tanguy alimtuma mjini kufua nguo na kununua mkate. Alimwambia kwamba leo anachora, asirudi mapema, kuna jambo la kumshangaza. Moyo wa Odile ukamwenda mbio kama wa msichana. Alifua, akanunua mkate, akanunua na kipande cha ile jibini ya São Jorge ambayo Tanguy anaipenda. Mbele ya kioo cha duka alisimama akatengeneza nywele, kwa sababu alidhani huenda watampiga picha.

Alikuta watu wamejaa ukutani na simu zao. Mashua ilikuwa imechorwa vizuri, tanga jekundu, na juu ya paa lake amekaa paka mkubwa wa njano. Chini yake maandishi: Marie-Perrine. Kapteni Tanguy Kerbrat. Baharia: Gaspard.

Gaspard ndiye paka wao. Walimwokota Mindelo wiki moja kabla ya kung'oa nanga.

Odile alisoma mara mbili. "Jina langu liko wapi?"

"Nafasi iliisha," alisema Tanguy.

"Na Gaspard?"

"Gaspard watu wanampiga picha." Akaligeukia kundi na kulikonyeza. "Wewe nani atakupiga picha?"

Wakacheka. Nusu yao walikuwa wameshaiona mikono ya yule mama, na bado walicheka, na hilo mimi siwasamehe.

"Uliniapia kwa mama yako."

"Mtu akiumwa huapa mengi. Kaoshe brashi, baharia, rangi inakauka."

Odile akaenda kuosha brashi. Aliziosha zote vizuri, akazianika kwa safu, ndogo hadi kubwa.

Kesho yake asubuhi wakawa wanaondoka, upepo ukiisukuma mashua itoke gatini. Wenye mashua huondoka hivi: mmoja yuko kwenye usukani, mwingine yuko chini anafungua kamba, ya omo kwanza, kisha ya nyuma, anazirusha ndani, halafu anaruka yeye akiwa wa mwisho. Anayeruka ni mke, siku zote. Odile alikuwa ameruka hivyo kwenye kila kisiwa cha bahari hiyo. Asubuhi hiyo alifungua ya omo, akafungua ya nyuma, akazikunja vizuri, akazirusha. Akaiwekea mashua mguu, akaisukuma. Kisha akasimama palepale.

Tanguy aligeuka maji kati yake na gati yakiwa yameshakuwa mita nne. Alidhani kateleza. Akamwambia aruke, akamwambia tena, mpaka alipomwona Liesbeth anakuja na begi la Odile, lililokuwa kwake tangu alfajiri. Hapo akaelewa, na mashua ikawa inaelekea kwenye milingoti ya wenzake.

Mtu mmoja mwenye mbavu mbovu hawezi kushika usukani na kurusha kamba kwa pamoja. Kila akiuachia usukani, upepo unaigeuza omo. Alizunguka mara ya kwanza, akazunguka ya pili. Viti vilikuwa vimeshatoka. Desturi ya bandari ni kwamba aliyesimama gatini hupokea kamba ya yeyote, hata ya adui yake. Lakini mke alikuwa pale, kamba ya mume ni ya mke, na hakuna aliyemtangulia. Liesbeth alitia mikono mfukoni.

Mara ya tatu Tanguy aliweza kuirusha. Ikaanguka miguuni pa Odile. Angeinama tu angeipata. Aliitazama ikikwaruza zege na kurudi majini. Tanguy alikuwa amejikunja, uso mweupe, mkono ubavuni, na yeye muuguzi aliyajua maumivu yale yalivyo na yalipo. Akaona raha. Akaona haya kwa raha ile, kisha haya ikamtoka, raha ikabaki.

"Baharia!" aliita Tanguy. "Baharia!" Halafu, kwa sauti iliyopasuka, mbele ya gati zima: "Odile! Odile, nishikie kamba!"

Miaka kumi na mmoja alikuwa akilingoja jina hilo. Sasa lilimfikia kama barua ya mpangaji aliyekwisha kuhama.

"Mpe Gaspard, Kapteni," alisema, wala hakupaza sauti.

Waliokuwa karibu walisikia, na walio mbali wakaambiwa. Kicheko kilikuwa kilekile cha jana. Wale waliomjazia Tanguy glasi ndio waliokuwa wa kwanza kumwita Gaspard ashike kamba, Gaspard ashike nanga, Gaspard ampangilie tanga mzee. Tanguy akaja mara ya nne kwa hasira, kasi ikamzidi, Marie-Perrine ikagonga zege kwa ubavu na jina la mama yake likachubuka. Paka alishtuka, akaruka gatini, akapotelea kati ya mapipa. Upepo ukaisukuma mashua nje tena, na ndani yake mtu mmoja.

Odile alitundika begi begani, kwa kuwa viganja bado havikuweza kulishika. Alipita ukutani bila kusimama. Boti ya abiria ya kwenda kisiwa cha Pico ilikuwa inaondoka saa nne, na hadi anapanda ngazi yake bado alikuwa anasikia anaitwa kwa jina.