Moja kwa Tatu

Siku ya kuanua matanga ya baba, ukoo ulikaa uani kwetu Nyakato, Mwanza, ili kutugawa. Ndivyo inavyofanyika kwetu: nguo za marehemu zinagawiwa, vyombo vinagawiwa, na watoto nao. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mkubwa wa watatu. Mama alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla, na tangu hapo nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili nipike, nifue na kumuuguza baba. Nilipowaambia wakubwa kwamba wadogo zangu watabaki nami, sikuona kwamba naomba jambo geni.

Mdogo wangu wa kiume hakutakiwa na mtu; huyo wangeniachia. Aliyetakiwa ni wa mwisho, msichana wa miaka sita. Shangazi, anayeishi Geita, alikuwa akimtazama tangu asubuhi jinsi alivyookota sahani za wageni bila kutumwa.

"Huyu ananifaa," alisema. "Ana mikono myepesi."

"Haendi," nilisema.

"Nani kakuuliza? Shule imekushinda, kulea utaweza?"

Wanaume wakacheka. Kikao kiliendeshwa na baba mdogo. Yeye ni mtu wa mikeka, wa kubashiri mechi kila wikiendi, na maisha yake yote huyapima kwa kushinda na kushindwa. Alisema hataki watu waseme amemwonea yatima, basi bahati iamue, na akanipa njia mbili. Ya kwanza, vikaratasi vitatu ndani ya kofia yake: kimoja kimeandikwa "abaki", viwili "aende", nami nichukue kimoja. Ya pili, nirushe sarafu ya mia tano mara mbili. Ikija kichwa mara zote mbili, mtoto anabaki. Ikija nyati, upande wa pili, hata mara moja, anakwenda.

"Kofia ni moja kati ya tatu," alisema. "Sarafu ni moja kwa tatu. Chagua mwenyewe, kesho usije kulia."

Nilizisikia hesabu zote mbili vizuri, na nikaona ni kitu kilekile. Vikaratasi angevikunja yeye, na vidole vyake sikuviamini. Sarafu ningeirusha mimi. Nikajiona mjanja.

"Sarafu."

Baba mdogo alimtazama shangazi. Shangazi akainamia kitenge chake na kuanza kukifunga upya.

Mara ya kwanza kilikuja kichwa. Mdogo wangu wa mwisho akapiga makofi kwa kuwa watu walikuwa wametulia na kutazama, naye alidhani ni mchezo.

"Sasa ni moja kwa moja," alisema baba mdogo. "Nusu yako, nusu yetu."

Mara ya pili sarafu iligonga jiwe la kufulia, ikazunguka, ikalala. Nyati.

"Mfungashie nguo," shangazi aliniambia. "Hayo matambara yaache, nyumbani kwangu hatuvai hivyo."

Mtoto alinishika sketi kwa mikono miwili. Aliyembandua vidole, kimoja baada ya kingine, ni mimi. Nilikuwa nimekubali mbele ya watu, na mimi nikishakubali jambo sirudi nyuma.

Miaka mitatu baadaye nilipata kibarua cha kumsaidia fundi ujenzi, kule Nyegezi. Siku ya kwanza aliniagiza nichanganye udongo wa kujengea, moja kwa tatu. Nikamwaga ndoo moja ya simenti na mbili za mchanga.

"We dada, hii simenti kaacha baba yako?" aliuliza. "Umeweka ndoo ngapi hapo?"

"Tatu."

"Nimekwambia moja kwa tatu. Moja ya simenti, kwa tatu za mchanga. Jumla?"

"Nne."

"Na simenti ni ngapi katika hizo nne?"

"Moja."

"Kumbe unajua. Shuleni ulifuata uji tu?"

Wenzangu walicheka. Nilisimama na beleshi mkononi mpaka fundi akauliza kama nimepigwa na jua. Mchana, wenzangu wakila, nilichora mchangani kwa kijiti njia zote ambazo sarafu ingeweza kuanguka siku ile: kichwa na kichwa, kichwa na nyati, nyati na kichwa, nyati na nyati. Njia nne. Moja ilikuwa yangu, tatu zilikuwa zao. Baba mdogo hakunidanganya. Hesabu ya mcheza kamari huweka kinachokufaa upande mmoja na kisichokufaa upande wa pili, moja kwa tatu. Uwezekano huweka kinachokufaa mbele ya yote yanayoweza kutokea, na yote yalikuwa manne. Yeye mwenyewe alinipa ufunguo kabla sijarusha mara ya pili: moja kwa moja, alisema, ni nusu. Ingekuwa kama nilivyodhani, moja kwa moja ingekuwa moja kati ya moja, na hakuna mtu ambaye angeshindwa duniani.

Nilimfuata baba mdogo nyumbani kwake, nikamwambia sasa nimeelewa. Hata hakuacha kula.

"Ningesema moja kwa tisa pia ungekubali," alisema. "Ulitaka kurusha wewe."

Jumapili iliyofuata nilikwenda Geita. Siku hizi Busisi hakuna kungoja kivuko, unapita darajani, umefika. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba akisugua masufuria ya shangazi kwa majivu. Alikuwa na miaka tisa na viganja vya mtu mzima. Nilichuchumaa karibu yake, nikamweleza yote: sarafu, kofia, ndoo nne. Nilitaka asikie kutoka kwangu kwamba nilikosea hesabu, sikumtupa.

Alisikiliza bila kuacha kusugua.

"Kwa hiyo kwenye kofia ningebaki?"

"Labda. Moja kati ya tatu."

"Na kama ungekataa vyote viwili?"

Nilianza kumweleza kwamba nilikuwa msichana mbele ya ukoo mzima, kwamba wangemchukua vilevile.

"Ila hukukataa, dada," alisema, akageuza sufuria upande wa pili.

Bado naenda kila mwezi, na sijakosa hata mmoja. Hunisalimia shikamoo kutoka jikoni, nami huitikia marahaba kutoka uani. Shangazi husema mtoto ana kazi, nisubiri. Nasubiri mpaka gari la mwisho la kurudi Mwanza linapokaribia kuondoka, kisha naaga kwa sauti ili asikie.