Mume Wangu na Fomu Sita

Mume wangu akiamka huongea na miche kabla ya kunisalimia mimi. Sitii chumvi. Ana vikopo saba dirishani, juu ya cherehani yangu, na kila asubuhi huvipitia kimoja kimoja, "Vipi wewe, umelalaje?" Huku mimi mke wake, niliyemzalia watoto watatu, nimesimama pale na futi shingoni nangoja zamu yangu. Mtaa mzima wanamwita Bwana Miche. Mimi namwita Mzee, na nikikasirika simwiti kabisa.

Yeye ndiye msimamizi wa kitalu cha halmashauri, ule uwanja wenye vivuli vya wavu nyuma ya ghala la mabomba. Miti yote iliyo kando ya barabara ya soko, na ile inayoshikilia kingo za mto zisimeguke mvua ikizidi, imepita mikononi mwake ikiwa na urefu wa kidole. Ni mpole, halewi, hachelewi kurudi nyumbani. Suruali zake tu ndizo zinazonitesa, maana anapiga magoti siku nzima na hakuna kitambaa kinachomaliza mwezi. Nimezitia viraka mpaka viraka vyenyewe vina viraka.

Ila ana hadithi yake moja. Mgeni akikaa tu, hata kikombe cha chai hakijafika, Mzee anaanza: "Mimi bwana, kazi hii niliianza kwa kujitolea. Miaka mitatu! Sikulipwa hata senti tano." Watoto wetu wameikariri. Kitinda mimba humtangulia kusema "hata senti tano" kabla baba yake hajafika hapo, tunaangua kicheko sote, na yeye mwenyewe anacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Basi mwaka huu halmashauri ikaleta mpango mpya. Joto la mjini limezidi, mto unafurika kila msimu, na vijana wamekaa vibarazani hawana kazi. Wakasema vijana sita wataingia kitaluni kwa mafunzo ya miezi sita. Wajifunze kuotesha na kupanda, na wapime joto mtaa kwa mtaa ili ijulikane wapi miti inatakiwa kwanza. Na watalipwa kila mwezi. Si fedha za kujengea ghorofa, lakini za chakula, nauli na kodi ya chumba zimo. Kazi ya Mzee ni kuwafundisha, na mwezi ukiisha atie sahihi fomu ya mahudhurio ya kila mmoja, azipeleke kwa karani. Bila sahihi yake karani halipi mtu.

Alirudi na habari hizo amekunja uso utadhani kalishwa ndimu.

"Kulipwa kwa kujifunza! Umesikia wapi? Mtu unamfundisha bure, halafu juu yake umpe na pesa?"

"Huo wivu, Mzee."

"Wivu gani? Mimi miaka mitatu..."

"Hata senti tano," nikamalizia, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Makoti ya kazi ya vijana nilishona mimi, kwa hiyo niliwapima wote sita. Mmoja alikuwa mrefu hivi kwamba ilibidi nipande kwenye kiti. Lakini niliyempenda ni binti mmoja mwembamba, mwenye macho ya kudadisi. Walimkabidhi kipimajoto siku ya kwanza na tangu hapo hakukivua shingoni. Alipima stendi, akapima uwanja wa shule, akapima ndani ya basi. Wenzake wakambandika jina la Kipimo. Siku moja akaingia dukani kwangu, kile chumba cha mbele cha nyumba ninamoshonea, akasimama kimya dakika nzima, kisha akasema, "Mama, humu ndani ni digrii thelathini na nne."

"Najua, mwanangu," nikamwambia. "Nimo ndani yake."

Sasa, kitaluni kulikuwa na safu moja ya mwisho ambayo miche yake ilikuwa inakauka kila mara. Kwa miaka miwili Mzee alilaumu mchwa. Alimwaga majivu, akamwaga dawa, akawatukana mchwa kwa matusi ambayo sikujua kama anayajua. Kipimo akakaa hapo siku nzima na kipimajoto chake, akiandika kila saa. Saa nane mchana akamwita Mzee aje kuona: ukuta wa bati wa lile ghala ulikuwa unarudishia miche jua lote, digrii arobaini na moja. Wakaisogeza safu hatua tatu. Miche ikaacha kufa.

Jamani, jioni ile Mzee hakutembea, alielea. "Miaka miwili nawasingizia mchwa! Yule binti ana mkono, mama watoto. Ana jicho." Alimsifu wakati wa kunawa, akamsifu wakati wa kula, nikamwambia basi jamani, nimesikia. Lakini nilijua kwa nini. Mwakani anastaafu, na halmashauri imekwisha sema kwamba asipopatikana mtu anayekiweza, kitalu kitafungwa na eneo liwe la kuegesha magari. Hilo lilikuwa linamnyima raha. Katika vijana wote aliowahi kuwaona, huyu ndiye wa kwanza ambaye angeweza kumwachia.

Kumbe. Mwezi wa pili ulipofika katikati, Mzee akarudi nyumbani mnyonge.

"Kipimo hajaja. Leo siku ya tatu."

"Anaumwa?"

"Nani ajuaye? Vijana wa siku hizi hawana subira." Asubuhi yake akapita mbele ya vile vikopo dirishani bila kusema neno, ndipo nikajua limemwingia.

Siku hiyo hiyo, mnamo saa nne, binti mwenyewe akaja dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulipotelea wapi wewe?"

Alikuwa amelishika koti la kazi, limefuliwa, limekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. "Nimekuja kulirudisha." Nikamtazama mikono, myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko. Akaniona namtazama. "Nimepata kibarua kwenye mashine ya kusaga, kule nyuma ya stendi. Nabeba magunia. Wanalipa jioni kwa jioni."

"Na kitalu je?"

"Kitalu nakipenda, mama." Akalipangusa koti unga wa vidole vyake. "Lakini mwezi na nusu hatujaona kitu. Naishi na bibi, na mdogo wangu anasoma. Nilikuwa natembea kwa miguu, saa nzima kuja na saa nzima kurudi, nikasema si neno. Juzi bibi akanisogezea sahani yake, akasema ameshiba. Bibi hajui kusema uongo, mama."

"Karani anasemaje?"

"Anasema fomu hazijamfikia."

"Mzee mlimuuliza?"

"Tulimuuliza. Akasema tuvute subira."

Masikio yakanisimama. Nimekaa na yule mwanamume miaka thelathini na moja, namjua anapoficha vitu. Nikamwambia binti, "Koti hilo silipokei, kaa nalo." Mteja mmoja alikuwa kwenye benchi akisubiri sketi yake. Nikamwambia aje kesho, nikafunga duka mbele ya macho yake, akanitupia maneno. Ana haki.

Nilimkuta Mzee amechuchumaa, anajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki wanavyooteshea miche. Vijana watano waliobaki walikuwa upande wa pili wa wavu, wanamwagilia.

"Fomu ziko wapi?"

"Fomu gani?" Akajifanya hamnazo.

"Mzee!"

Macho yake yakaenda yenyewe kwenye debe la mbegu, juu ya rafu. Nikalifungua. Fomu sita, safi, hazina sahihi hata moja, zinanuka mbegu.

"Sikutaka kuwadhulumu," akasema haraka haraka. "Zingepelekwa tu, mwezi huu ukiisha. Nilikuwa nawakomaza. Unajua mche ukiutoa kivulini moja kwa moja ukaupanda mtoni, unakufa. Lazima kwanza uupunguzie maji, uuzoeze jua. Nikasema na hawa waonje kidogo. Anayeipenda kazi atabaki. Mimi si nilibaki?"

"Mche unaanza kuukomaza lini?"

"Ukishafika miezi minne, mitano."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo unaumwagilia asubuhi na jioni."

"Na hawa uliwamwagilia lini?"

Akashika kiriba, akakiweka chini tena.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini damu ilikuwa imekwisha nipanda mpaka utosini, na binti wa watu yuko nyuma ya stendi na gunia mgongoni. Nikaamua kumtolea uvivu.

"Hebu nikuulize. Hiyo miaka yako mitatu ulikuwa unakula wapi?"

"Nyumbani."

"Chakula kilikuwa kinaota mezani? Kodi ya kile chumba alilipa nani? Mabuti yako ya mpira je?"

"Wewe."

"Kwa fedha gani?"

"Za cherehani."

"Basi ulikuwa unalipwa, baba. Tajiri wako nilikuwa mimi. Sasa huyu Kipimo hana mtu nyumbani kwake mwenye cherehani."

Nilikuwa sijapanga kusema zaidi, Mungu ni shahidi yangu, lakini maneno yakatoka. "Na ile barua ya chuo cha ualimu, unaikumbuka?"

"Ulisema ualimu huupendi. Ulisema watoto wa watu watakuumiza kichwa."

"Nilisema. Chuo kilitaka nikakae bweni miaka miwili. Ningekwenda, wewe ungekula nini? Ungeacha miche wiki ya pili, ungekwenda kutafuta kibarua. Nikakunja barua, nikashona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ulikuwa unarudi jioni unanuka udongo na unacheka. Nilikupenda, mjinga wewe."

Nyuma ya wavu yule kijana mrefu alikuwa ameacha maji yamwagike mahali pamoja mpaka safu nzima inaelea, na hakuna aliyejali. Mzee alinywea. Akapindua ndoo, akakaa, akaomba kalamu. Aliyemletea ni huyo huyo mrefu, miguu imelowa. Akazitia sahihi zote sita juu ya goti lenye kiraka, kisha akaondoka na mabuti yake ya mpira moja kwa moja hadi halmashauri, mimi nyuma yake. Karani akazigonga mhuri, akasema fedha zitaingia Ijumaa.

"Sasa twende nyuma ya stendi," nikasema.

"Leo?"

Nilikuwa nimekwisha anza kutembea.

Kwenye mashine ya kusaga husikii hata unachowaza. Kipimo alikuwa mlangoni, amefunga kitambaa puani, mweupe mwili mzima. Mzee akamsogelea, akasema jambo. Binti akaonyesha sikio. Mzee akarudia, binti akatikisa kichwa. Mzee akavuta pumzi, na alipopiga kelele kwa nguvu zake zote, saa hiyo hiyo mwenye mashine akaizima. "KOSA LANGU!" Foleni nzima ya watu na ndoo zao za mahindi ikageuka. Miaka thelathini na moja, na mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo kwake, nayasikia pamoja na watu ishirini nisiowajua.

Binti hakucheka. Akashusha kitambaa. "Na mwezi ujao, mzee?"

"Tarehe ishirini na tano natia sahihi mbele yenu. Utazipeleka wewe mwenyewe, mkononi kwa karani."

Akafikiri. Nilimwona anapiga hesabu ya bibi, ya mdogo wake, ya safari ya saa nzima. Nikaogopa kweli kweli. "Huyu bwana nimemwahidi mpaka Jumamosi," akasema mwishowe. "Nitarudi Jumatatu."

Nimalizie ya kwake kabisa. Fedha ziliingia Ijumaa, za wote sita, na Jumatatu alikuja kwa basi, hakutembea. Sasa hivi wamo mtoni, wanapanda. Nafasi ya Mzee itatangazwa mwakani na Kipimo ataomba kama watu wengine. Wakimnyima nitakwenda halmashauri mwenyewe, na wananijua.

Lakini siku ile tulipotoka kwenye mashine tulirudi kwa miguu. Mzee kwa kawaida hutembea mbele, ana haraka zake. Siku hiyo alikuwa kando yangu. Tulipofika mbele ya duka la vifaa vya ujenzi akasimama katikati ya watu.

"Ungefundisha nini?"

"Lini?"

"Kama ungekwenda chuo. Ungefundisha somo gani?"

"Hesabu," nikasema.

"Hesabu." Akalirudia polepole, ananitazama kama anavyotazama mbegu ambayo hajawahi kuiona. "Nimeoa mwalimu wa hesabu, na sijui."

Jibu la utani mimi siku zote ninalo, lakini siku hiyo nikalitafuta halikuja. Nikalia pale pale, mchana kweupe, watu wanatupita na mabomba na mifuko ya saruji, na yeye amenishika mkono kwa vidole vyake vya udongo hajui afanye nini. Chuo nilikwisha kukisahau, au nilidhani hivyo. Ila katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, nami sikujua kwamba nilikuwa nangoja kuulizwa.