Benchi la Kwenda Namba Saba

Kazi ya mama huyu hapa kliniki ni hatua sitini tu, kutoka chumba cha vipimo hadi chumba namba saba, wanakoanzishiwa dawa. Katikati kuna geti, na waliokutwa na virusi vya UKIMWI wengi hupotelea hapo. Basi yeye hushinda nje ya mlango wa vipimo, kitenge chake, chitenje, kafunga juu ya sweta, kando yake benchi la mbao. Mshauri akimsindikiza mtu hadi mlangoni, mama huinuka. Jumatatu alitoka Lameki, yule wa baiskeli za abiria, macho yote getini.

"We kaka, misuli hiyo ya pambo? Shika benchi huku tulipeleke namba saba."

"Mama niache, nina haraka."

"Na mimi nina magoti mabovu. Shika!"

Vijana wawili waliokuwa foleni wakainuka wamsaidie. Akawafokea: "Kaeni! Nani kawaita?"

Lameki akashika. Kila hatua kumi mama alitua benchi, akahema, akamnong'oneza neno. Walipofika karibu na ufagio wangu, mimi mfagiaji wa hapa, nikamsikia mama: "Mwaka wa kumi na tisa huu nakunywa vidonge, na nsima namaliza sahani." Lameki akacheka kidogo. Mbele ya nesi wakalitua, wakakaa wote wawili.

Baadaye nililirudisha benchi, kama kawaida yangu, peke yangu, kwa mkono mmoja. Ni jepesi mno. Miaka sita iliyopita, siku niliyopimwa, nililibeba naye hatua zote sitini na wala sikugundua.