Kiatu Kimoja cha Mke wa Gundi

Fundi viatu huyu watu walimwita Gundi, na hawakumwita kwa ubaya. Kiatu alichokigandisha yeye hakikubanduka mpaka mwenyewe akichoke. Kibanda chake kilikuwa kwenye baraza la nyumba aliyopanga, chini ya dirisha la sebule, na alikuwa na masharti yaliyowachekesha wengi. Ukimpelekea viatu, anakurudishia kimoja palepale. "Nenda nacho nyumbani," anakuambia. "Hiki nikikimaliza, utaniletea mwenzake."

Alikuwa na sababu, jamani, mtu hawi mkorofi bure. Nyuma yake palikuwa na rafu iliyojaa viatu, jozi kwa jozi, vya watu walioacha vyote viwili wakasema nakuja kesho. Wengine walihama, wengine walisahau, wengine walinunua vipya. Lakini vile vya kimojakimoja, vilivyoning'inia kwenye misumari mbele yake, havikukosa mwenyewe hata siku moja. Mtu mwenye kiatu kimoja uvunguni atarudi tu, apende asipende.

Basi mkewe akapata kazi ng'ambo, kumtunza bibi mmoja kizee, mkataba wa miaka miwili. Gundi alipoambiwa alisema, "Hilo jambo la heri," akacheka mpaka magego yakaonekana, lakini tangu siku hiyo hofu haikumtoka. Mtoto hawakujaaliwa. Alikuwa na huyo mke, basi. Na pale mtaani kulikuwa na kinyozi ambaye mkewe naye aliaga kwa miaka miwili hiyohiyo. Miaka hiyo ilipita zamani, na mpaka sasa kinyozi anamwona kwenye picha za simu tu, tena akiwa amenenepa na amependeza. Gundi aliyezoea kupita pale kupiga soga akaanza kuzunguka njia nyingine. Alikuwa anaogopa hata kumwamkia.

Wakala wa kazi alitaka mke wa Gundi ajue Kiingereza cha kujibu maswali. Jirani yao, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele, akawa anakuja mchana kumfundisha pale sebuleni. Gundi huku nje, na misumari midomoni, alisikia kila neno.

Siku moja somo lilikuwa neno safari.

"Wenzetu hawana safari moja kama sisi," mwalimu alisema. "Sisi ukienda ukarudi ni safari, ukienda ukapotelea huko ni safari. Wao wanagawa. Trip ni kwenda na kurudi kwa pamoja, na mara nyingi hukai sana. Journey ni ile njia yenyewe, kutoka hapa mpaka kule. Ukifika, imekwisha. Voyage ni ya mbali, ya melini. Na travel ni kusafiri kwa jumla tu, hiyo haihesabiki moja, mbili."

"Na kurudi je, kwenye hiyo journey?" mke aliuliza.

"Kurudi ni journey nyingine kabisa. Hiyo haimo."

Nyundo ya Gundi ikasimama hewani.

"Haya, mwanangu, safari yako wewe ni ipi?"

Gundi alisikia kiti kikilia mkewe alipojisogeza. Sema trip, mama, aliomba moyoni, sema trip, hata kama unakosea.

"Journey," mke alisema.

"Safi kabisa! Miaka miwili si trip hiyo."

Gundi akajipiga nyundo kidoleni, na wala hakupiga kelele.

Sasa angeuliza tu! Dirisha lilikuwa wazi, mke mwenyewe yupo hatua mbili kutoka kwake, mdomo anao. Mke wangu, utarudi? Limekwisha. Lakini mwanamume huyu alikuwa radhi kufa na tai shingoni, na isitoshe aliliogopa jibu kuliko alivyoiogopa safari. Akaanza kumchungulia mkewe kama mtu anayelinda nguo kambani. Mke akampa jirani sufuria kubwa, Gundi roho juu. Mke akashusha mapazia akayakunja, Gundi jasho likamtoka.

"Mbona unagawa vyombo?" alijikaza akauliza.

"Sasa nikuachie sufuria lile ulipikie jeshi gani? Wewe na chai yako na mkate?" Mke akacheka. Gundi naye akacheka, kwa kuwa ndivyo ilivyompasa.

Siku nyingine, wakiwa mezani, alijaribu kwa ujanja. "Hii trip yako, mke wangu..."

"Journey," mke alimsahihisha, akichovya mkate. "Mwalimu kasema. Usinichanganye, nitaaibika mbele za watu."

Gundi akakirudisha kipande chake cha mkate sahanini.

Siku ya kufunga sanduku, mke alipotoka kuanua nguo, Gundi aliingia chumbani akinyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Juu kabisa ya nguo palikuwa na viatu vyekundu vya kisigino kifupi alivyomtengenezea kwa mkono wake walipooana. Alichukua cha kushoto, akakitumbukiza kwenye mfuko wa aproni, akatoka mbio kurudi kibandani. Mwizi! Na uzee ule! Lakini alijua kazi yake. Mwenye kiatu kimoja hurudi.

Gari la wakala likaja. Mke akamkumbatia barazani, aproni na gundi na vyote. "Kula vizuri, sawa? Usinidanganye kwenye simu." Akamtazama usoni, akautazama ule mfuko uliovimba, akaonekana kama anataka kusema neno, dereva akapiga honi.

Zikafuata siku za kimya. Gundi aliweka simu mapajani, akashona soli ya mteja upande usio wake, akaifumua. Kile kiatu chekundu alikitundika kwenye msumari wa katikati ili akione kila ainuapo kichwa. Chumbani hakukaa, alikuwa analala kwenye kochi sebuleni, kitanda kilimtisha kwa upana wake.

Hatimaye simu ikaita.

"Nimefika salama, mume wangu! Baridi ya huku usiombe. Bibi mwenyewe mzuri, ananiita mwanangu." Sauti yake ilikuwa na furaha, na furaha hiyo ikamuumiza Gundi. "Halafu wewe bwana, nilijua umeniibia kiatu. Mtu mzima hovyo!" Akaangua kicheko.

"Cha... cha pili unacho?"

"Nikivaeje kimoja? Nimekiacha uvunguni, upande wako. Kumbe hata hujafagia!"

"Umeviacha vyote viwili," Gundi alisema.

"Sasa nifanyeje?"

Gundi akaishika simu kwa mikono miwili. "Mama, utarudi?"

"Ngoja, bibi ananiita. Nitakupigia." Simu ikakatika.

Gundi akaingia chumbani, akapiga magoti, akapapasa kwenye vumbi mpaka akakipata. Akakileta kibandani, akakishika karibu na mwenzake aliyening'inia. Jozi nzima. Alipogeuka, rafu ilikuwa palepale nyuma yake, na viatu vyake vyote viwiliviwili, na kati ya jozi ya kijivu na jozi ya mtoto wa mteja mmoja palikuwa na nafasi ya kuvitosha hivi vyekundu. Aliogopa, jamani. Aliogopa mpaka akakaa chini.

Asubuhi hakufungua kibanda. Alikipaka kiatu kimoja rangi, akakisugua mpaka kikang'aa, akakifunga kwa gazeti na kamba, akaandika juu yake anwani aliyoachiwa na wakala, akaenda posta. Binti wa dirishani alikipapasa kifurushi.

"Hiki ni kiatu, mzee? Kimoja tu? Unatuma ng'ambo kote huko kiatu kimoja?"

"Kimoja tu," Gundi alisema. Akakisogeza kifurushi mbele. "Cha pili kiko kwenye msumari."