Gauni Mbele ya Hakimu

Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa kuwa fundi huyu wa cherehani hukagua pindo la nguo yako kabla hajakusalimu. Kila Jumamosi binti yake wa miaka saba huenda kwa baba yake, kwa amri ya mahakama. Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni mke mpya wa yule bwana.

"Mama mdogo anajua kusuka, wala hainiumi," binti alisema akirudi.

"Basi kamwambie akuzae upya!"

Siku binti aliporudi na gauni aliloshonewa na mama mdogo, Mama Pindo hakula. Alikwenda mahakamani kuomba mtoto asiende tena kule, na siku ya kusikilizwa akalibeba lile gauni kama ushahidi.

"Mheshimiwa, tazama! Pindo limekwenda upogo, uzi mwekundu kwenye kitambaa cha buluu. Mtu wa hivi ataleaje mtoto?"

Karani alijifanya anakohoa.

"Mtoto alipigwa?" hakimu aliuliza.

"Hapana."

"Alishinda njaa?"

"Anarudi amenenepa."

"Sasa shida nini, mama?"

"Mishono, mheshimiwa."

Hakimu alimchukua mtoto ofisini kwake pamoja na ofisa ustawi wa jamii, ili aseme ya moyoni bila kukodolewa macho na wazazi. Nje, Mama Pindo na mama mdogo, aliyefuatana na mumewe mahakamani, walibaki kwenye benchi moja.

"Dada, lile gauni ndilo langu la kwanza kushona maishani," alisema mama mdogo.

"Inaonekana."

Waliporudi ndani, hakimu alizungumza taratibu. "Kumwona baba ni haki ya mtoto. Si zawadi yako, mama, umpe au umnyime. Ameniambia akirudi kwako huficha yaliyomfurahisha, asije akakuudhi. Ombi limekataliwa."

Mama Pindo alilikunja gauni lake la ushahidi.

Njiani aliushika mkono wa binti yake.

"Haya, Jumamosi mlifanya nini?"

Binti alimchungulia usoni kwanza. "Mama mdogo alinifundisha kuogelea."

"Ikawaje?"

"Nikanywa maji. Tukacheka."

"Mlicheka sana?"

"Sana, mama."

Wivu ulimpanda hadi masikioni. Alitamani kuuliza kama yeye pia amewahi kumchekesha hivyo, akajizuia.

"Endelea," alisema. "Nasikiliza."