Mkunjo wa Kumi

Kiwandani walimwita Gundi. Jina alipewa na msimamizi wa zamani, aliyeona wengine wanaolewa, wanahama, wanaacha kazi, yeye yupo tu kwenye meza ile ile ya kupanga vitabu. "Huyu kashika kama gundi," alisema, watu wakacheka, na jina lenyewe likashika. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita ya kazi, na vijana wa kiwandani walimwita shangazi.

Hakuwa na maneno mengi. Alimuuguza mama yake miaka tisa, na mama alipofariki, nyumba ya vyumba viwili ikawa kubwa ghafla. Ndipo mdogo wake alipomletea binti yake wa miaka kumi na tano, akae naye karibu na shule. Binti alikuja na begi la nguo na kitabu kimoja kinene.

Kilikuwa kisa cha malkia kijana ambaye askari wake walipigana juu ya migongo ya ndege wakubwa kama nyumba, na ambaye, kwa bahati yake mbaya, alimpenda nahodha wa jeshi la adui. Binti alikisoma kwa sauti kila jioni, Gundi akipiga pasi.

"Mama mkubwa, huyu waziri ni nyoka."

"Mimi nilimjua tangu aliposifia viatu vya malkia."

Kitabu kiliishia mlangoni mwa gereza: nahodha ndani, malkia nje, ufunguo mkononi, na haijulikani atafungua au atageuka. Binti alikitupa kitandani.

"Ndiyo nini sasa? Wanatuachaje hapa?"

"Watatoa cha pili."

"Tutakisoma wote?"

"Sasa nitakisoma na nani mwingine?"

Cha pili kilichukua miaka mitatu. Kabla hakijatoka, mdogo wake alihamia mji mwingine na kumchukua binti. Mwanzoni simu ilikuwa kila jioni, baadaye kila Jumapili, baadaye salamu za mstari mmoja.

Asubuhi moja zikaletwa karatasi za kazi mpya. Karatasi moja kubwa ilikuwa na kurasa kumi na sita. Ikishakunjwa inakuwa kama kijitabu, ambacho wao walikiita mkunjo, na mikunjo ishirini na minne ikipangwa na kushonwa ndiyo kitabu. Gundi alichukua mkunjo wa juu, macho yakaangukia neno "malkia". Mikono ikasimama.

"Hiki kinasubiriwa na watu wengi," msimamizi alitangaza. "Hakuna ukurasa kutoka nje, hakuna picha, hakuna kusimulia hata mtu wa nyumbani. Na hapa tunapanga vitabu, hatusomi. Mnanielewa?"

Walielewa. Gundi alisoma hivyo hivyo, mstari huku, mstari kule, mikono ikienda. Kwa kuwa mikunjo haikuja kwa mpangilio, alikuta vita vimekwisha kabla havijaanza. Alimwona nahodha yuko huru bila kujua nani kamwachia. Wakati wa chakula alikaa mwisho wa benchi, kifua kimejaa.

"Gundi, unatabasamu peke yako," alisema fundi wa mashine ya kukatia. "Umepata mchumba nini?"

"Nimepata vita."

Fundi akacheka, akaenda zake na sahani yake.

Alichokitaka zaidi ni mkunjo wa kumi. Wa tisa ulikwisha malkia akiketi kuandika barua; wa kumi na moja ulianza waziri akiwa tayari kwenye minyororo. Kati ya hapo kulitokea nini? Mkunjo huo ulikuwa ukipangwa meza nyingine. Jumatano akashindwa kuvumilia, akavuta kitabu kilichokwisha kushonwa, akafungua katikati. Malkia anaketi kuandika barua. Akapekua mbele. Malkia anaketi tena kuandika barua. Akavuta kingine, na kingine. Vyote vilikuwa na mkunjo wa tisa mara mbili, wa kumi haumo. Unene ulikuwa sawa, mizani ilikubali, hakuna aliyeshtuka, na rundo lilifika mabegani.

Angeweza kunyamaza. Mwaka uliopita msichana mmoja alifukuzwa kwa kusoma mezani. Gundi alijifuta mikono, akaenda kugonga ofisini.

"Umejuaje?" msimamizi aliuliza.

"Barua haijaandikwa."

"Barua gani?"

"Ya malkia. Anakaa mara mbili kuiandika, na haandiki."

Msimamizi akainuka kufunga mlango.

"Shangazi, kila mkunjo una alama nyeusi mgongoni. Ikipangwa vizuri, alama zinashuka kama ngazi. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi wewe umeona ngazi imekatika. Hujaona kitu kingine."

"Nimeona ngazi."

"Haya." Akashusha sauti. "Na hiyo barua, anaituma?"

"Sijui. Ndiyo niliyokuwa naitafuta."

Siku tatu walifumua na kupanga upya, na sasa mkunjo wa kumi ukapita mikononi mwake mchana kutwa. Malkia aliandika barua, akaichana, akashuka tena gerezani mwenyewe kufungua. Alimwambia nahodha aondoke wala asigeuke nyuma. Gundi aliusoma mara tatu amesimama, na kushoto kwake watu walikuwa wakibishana habari za mpira.

Kitabu kilipotoka alinunua viwili, kimoja akamtumia binti na kikaratasi ndani: kimepita mikononi mwangu. Ngazi za duka zilikuwa zimejaa wanafunzi. Mmoja wao alikuwa ameruka kurasa, ameshafika katikati, midomo ikitetemeka. Gundi akasimama mbele yake, akijua kabisa amefika wapi. Msichana akainua macho.

"Unataka kupita, mama?"

"Ndiyo," alisema, ingawa hakutaka kupita.

Chake hakukifungua. Alingoja waanze pamoja, hata kwa simu. Jumapili ya pili simu ikalia.

"Mama mkubwa, kimefika! Asante sana jamani. Ila chuo kimenibana, sijui nitakisoma lini."

"Hakina haraka."

"Wewe si umekitengeneza? Niambie tu. Anafungua mlango?"

"Anafungua."

"Na wanaoana?"

Gundi alikaa kitako. "Hawaoani. Nahodha anakufa darajani, akiwazuia watu wa waziri. Malkia anatawala peke yake."

"Maskini! Na waziri?"

"Kafungwa."

"Nilijua tu. Haya mama mkubwa, naitwa huku. Tutaongea, eh?"

Hazikutimia dakika mbili.

Aliweka simu mezani. Kisha akaleta kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti. Sauti ilimshangaza mwenyewe. Katika nyumba ile yeye alikuwa msikilizaji siku zote. Alijikwaa, akakohoa, akarudia sentensi. Kwenye ukurasa wa tatu waziri akaingia akiinama, akausifia mkufu wa malkia, na Gundi akaguna kwa nguvu. Akaendelea mpaka chai ikapoa. Alipoinuka kwenda kuipasha moto, alikwenda na kitabu jikoni, bado anasoma.