Goti la Limbu

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo mchana kweupe, na wanaonijua hapa Bariadi hawabishi. Nimeishia darasa la nne, lakini nina malori matatu, nyumba ya vigae na ghala la mpunga, na hakuna aliyewahi kuniuzia mbuzi kwenye gunia. Ukiniambia nje kuna mvua, nitatoka kuangalia. Ukinipa mkono wa kulia, nitatazama wa kushoto unafanya nini. Akili hiyo sikuipata shuleni. Niliipata msimu mmoja wa pamba, nikiwa na miaka kumi, na hadi leo nikisikia harufu ya mbegu za pamba zilizopata joto, ile harufu nzito kama mafuta yaliyomwagika kwenye vumbi, msimu ule unarudi wote, na goti la Limbu linarudi nao.

Nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba kulikuwa na sakafu ya saruji ambako zamani marobota yalikuwa yakipangwa. Fundi Sayi, aliyekuwa akitengeneza mashine za kiwanda, alichomelea pete mbili za chuma, akazifunga kwenye nguzo huku na huku, na hapo ndipo ulipoanza mpira wa kikapu wetu. Nyuzi za pamba zilikuwa zikitanda pale kama ukungu, wachezaji wanateleza, vichwa vyao vyeupe kama vya wazee. Jioni injini ikizimwa, masikio yalikuwa yanabaki na mlio, halafu ndani ya ule ukimya unasikia du, du, du, mpira unadundwa. Hapo wapagazi, wapima pamba, wauza karanga na wakulima waliokuwa wakisubiri malipo yao, wote walikuwa wanakwenda. Sitadanganya kwamba tuliujua sana mchezo ule. Tuliupenda kwa sababu moja tu, tulitaka kuwafunga Maswa. Nao Maswa walikuwa na Limbu.

Limbu alikuwa mrefu kiasi kwamba akikaribia mlango wa ofisi ya kiwanda alianza kuinama akiwa bado hatua tatu mbali. Mpira ukiwa mkononi mwake, watu wetu walionekana kama wanaomba kitu kwa mjomba. Kila tulipocheza nao tulirudi nyumbani tukitazama chini. Basi Fundi Sayi, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa timu, akaenda Maswa kwa baiskeli mara tatu, na ya tatu akarudi na habari: Maswa watatupa Limbu, sisi tutawapa Mabula na Doto, wachezaji wetu wawili wazuri, pamoja na mipira miwili mipya. Mji ulishangilia siku moja. Siku ya pili mashaka yakaanza. Kwa nini wamwachie? Nani anatoa ng'ombe anayekamuliwa? Fundi Sayi akaeleza kwamba Limbu mwenyewe alikuwa anataka kazi kiwandani kwetu. Watu wakamsikiliza, wakatikisa vichwa, wakaondoka bila kumwamini.

Sasa mimi naingia. Baba yangu alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, na mimi nilikuwa mkia wake. Alinifundisha kumtazama ng'ombe kabla ya kumsikiliza mwenye ng'ombe. Kwato, magoti, meno, halafu ndipo maneno. Na mimi, kwenye mechi ya mwisho na Maswa, nilikuwa nimemwona Limbu nyuma ya ghala, peke yake, akifunga kitambaa kwenye goti la kushoto. Alikifunga taratibu, akatazama huku, akatazama kule, kisha akavuta soksi yake ndefu hadi juu ya goti ikafunika kila kitu. Mtu anayetazama huku na kule ana jambo. Nikamwambia baba. Hakuniuliza mara mbili. Alinitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona hata nilipopata zote kwenye hesabu. "Ng'wana wane, mwanangu," akasema, "wewe utakula mjini." Kabla jua halijazama, habari ya goti ilikuwa imefika kila kibanda cha karanga.

Siku ya makabidhiano Limbu aliletwa na lori la pamba, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, mfuko wake wa nguo begani. Alisalimia watu wote, "Mwadila, mwadila," wazee kwa vijana. Mabula na Doto walikuwa wamekaa pembeni na mabegi yao, tayari kupanda lori hilo hilo. Fundi Sayi akaanza hotuba. Baba akamkatiza. "Fundi, hotuba baadaye. Mtembezeni kwanza." Watu wakacheka, lakini ni kicheko cha watu wanaokubali. Limbu akadhani ni utani wa wenyeji, akatembea. Wakamwambia arudi. Wakamwambia akimbie hadi nguzo. Baba akainama, akalishika lile goti la kushoto kwa mikono miwili, akalibonyeza pembeni na nyuma kama anavyombonyeza dume la kulima, huku akisikiliza kwa kichwa kilichoinamishwa. Watu zaidi ya thelathini wakasogea waone. Ndipo mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwangalieni na meno!"

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Limbu hakucheka. Akailegeza mikono ya baba kwenye mguu wake, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba, akauchukua mfuko wake. "Mimi sikuja mnadani," akasema. Akapanda lori, Mabula na Doto wakabaki na mabegi yao. Fundi Sayi alimfuata akimwita ndugu yangu, ndugu yangu, hadi vumbi likawameza wote wawili, na aliyetoka kwenye vumbi alikuwa Fundi peke yake. Baba akajipangusa mikono. "Mmeona? Mwenye goti zima haogopi kubonyezwa."

Wiki tatu baadaye Limbu alikuwa timu ya Nyashimo. Alicheza dhidi yetu sisi wenyewe, pale pale kwenye sakafu yetu, akaruka hadi mkono wake ukafika juu ya pete, akatua kwa mguu huo huo wa kushoto, akaruka tena. Maumivu niliyoyaona siku ile kwenye nyuso za watu wazima sijayaona hata msibani. Mtu mmoja alirusha kofia yake chini akaikanyaga. Na kwa kuwa mtu hawezi kujikasirikia mwenyewe kwa muda mrefu, wakatafuta pa kuupeleka uchungu. Walioanza kwa kunong'ona wakaishia kusema wazi: Fundi Sayi ndiye kamuuza Limbu Nyashimo. Kala. Zile safari za baiskeli zilikuwa za nini? Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwetu Usukumani mtu akionekana kawageuka wenzake, hapigwi. Anatozwa mchenya: anatoa ng'ombe wa kuliwa na watu wote, na mpaka amtoe hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kuchota maji pamoja na mkewe. Mashabiki wakaugeuza uwanja kuwa baraza. Fundi Sayi akasimama katikati, mikono ina grisi. "Nimekula nini mimi? Nionyesheni hata mfupa." Sauti ikamjibu, "Fisi haachi mfupa, Fundi!" Baba alikuwa amekaa mbele kabisa. Nilimsubiri aseme kwamba goti lilikuwa neno la mtoto wake. Akatazama kofia yake. Mimi nami nilikuwa na mdomo, nikautumia baadaye kwa kazi nyingine, maana Fundi alivumilia siku tisa bila kusalimiwa, siku ya kumi akamleta mmoja wa madume wake wawili wa kulimia, akachinjwa pale pale penye kikapu. Nilipewa kipande cha ini. Lilikuwa tamu. Mvua zilipoanza, Fundi hakuwa na jozi ya kulimia. Akahamia Mwamanyili, na timu ikafa.

Leo ile sakafu imepasuka, majani yanaota kwenye nyufa, na nguzo moja inafungiwa mbuzi. Lakini mpira wa kikapu haujafa. Vijana wanaopakia mpunga ghalani kwangu wana timu yao ya Marekani kwenye simu, na mwaka jana niliwakuta wamekasirika, chai imepoa. Timu yao ilikuwa ibadilishane wachezaji ipate nyota mmoja, biashara ikavunjika. "Viongozi wamehongwa hao!" anasema mmoja. "Acha wewe," anasema mwingine, "jamaa goti bovu, wamemshtukia." Niliondoka bila kuwaaga. Zamani uvumi ulikuwa unatembea kwa miguu kutoka kibanda hadi kibanda. Siku hizi unavuka bahari kabla chai haijachemka, lakini ni uvumi ule ule, na bado unapenda magoti.

Mwezi ule ule nikaenda Nyashimo kununua mpunga, na muuzaji aliyesimama kupima alikuwa mrefu kuliko mlango wake. Nikajitambulisha kwa jina la baba. Akaacha kupima. Nikamuuliza lile goti lilikuwa na nini.

"Goti lipi, ngosha?"

"La kushoto. Ulilifunga kitambaa nyuma ya ghala."

Alicheka hadi akashikilia lori langu. "Ile ilikuwa nauli yangu, nimeifunga ndani ya kitambaa! Tulionywa kwamba ukija Bariadi ukaacha suruali kwenye benchi, unarudi Maswa kwa miguu."

Mimi sikucheka. Jumamosi nikaenda mnadani, nikachagua dume la kulimia mwenyewe, kwato, magoti, meno, nikampakia hadi Mwamanyili. Fundi Sayi alitoka kwa mkongojo. "Mwadila, baba," nikasema. "Mwadila. Unauza nini?" Nikamwambia siuzi, nikamweleza yote, kitambaa, baba, ini. Alisikiliza hadi mwisho, akamtazama dume, akanitazama mimi, na sikuona kama kuna tofauti machoni mwake.

"Mtembeze," akasema.

Nikamtembeza.

"Anachechemea. Nyuma, kulia."

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Mtoto wa dalali! "Tena," akasema, "ng'ombe mmoja halimi. Mwenzake yule mliyemla nilimuuza kwa hasara mwaka ule ule." Nikarudi mnadani, muuzaji alikuwa ameshayeyuka, nikanunua wengine wawili. Nilipowashusha nikamuuliza mzee kama amenisamehe. Alikuwa ameinama, kamshika wa kwanza goti. "Ngoja kwanza walime," akasema.

Nimejumlisha mara tatu, kwa sababu siku hizi hata mwenyewe sijiamini: ng'ombe watatu, pamoja na yule anayechechemea ambaye sasa analala uani kwangu, shilingi milioni mbili laki tatu na elfu sabini.